Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Pimeni Damu na Pumzi za Wapika Mawese wa Rumonge

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya ya Umma na Mapambano dhidi ya Ukimwi. Kwa Daktari Mkuu wa wilaya ya afya ya Rumonge. Na kwa waganga na wauguzi wa vituo vya afya vya mwambao, kuanzia Magara mpaka Nyanza-Lac.

Mheshimiwa Waziri,

Najua barua ndefu husomwa mwanzo tu, kwa hiyo ombi naliweka hapa juu. Watu wa mwambao huu wanaoshinda na kulala karibu na moto wapimwe kaboni monoksaidi katika damu wanapofika kituoni na kichwa kinachogonga na kichefuchefu kisichoeleweka. Na wapimwe nguvu ya mapafu yao mapema, kabla kifua hakijawaziba. Mimi ni mwalimu wa baiolojia na kemia, si mganga. Lakini darasani kwangu wamejaa watoto wa wakamuaji wa mawese, na wakati wa mavuno baadhi yao huja asubuhi wakinuka moshi, macho mekundu, wakilalamika kichwa. Hapo somo la himoglobini hugeuka kuwa habari za nyumbani kwao.

Anayetaka kuona ninachosema ateremke siku yoyote kwenye karakana za mawese zilizo ndani ya michikichi inayozunguka mji wetu. Pipa la lita 200 limewekwa juu ya mawe au tanuri la udongo, matunda yanatokota humo saa nyingi. Kuni zimekuwa ghali, kwa hiyo kinachochomwa zaidi ni mabaki ya mawese yenyewe: nyuzi zilizokwisha kukamuliwa, bado zina mafuta na unyevunyevu, pamoja na maganda ya kokwa. Mabaki hayo hayawaki vizuri, yanafuka. Mvua ikianza, upande wa upepo unazibwa kwa turubai na mabati, na moshi unabaki ndani pamoja na watu. Mchochea moto mara nyingi ni mwanamke, na mara nyingi ana mtoto mgongoni. Baada ya muda utamwona anatoka nje, anashika paji la uso, anakunywa maji, anatema, anarudi. Ukimuuliza atakwambia ni uchovu. Kazi ni nzito kweli, na uchovu upo. Ila uchovu hauishi kwa kukaa nje nusu saa na kuanza upya kwa kurudi ndani dakika kumi.

Moto ukikosa hewa ya kutosha, kaboni inashindwa kupata oksijeni mbili, inaondoka na moja. Hiyo ndiyo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi koo. Ikifika kwenye damu inaing'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na kile kidogo cha oksijeni kilichobaki hakiachiliwi vizuri kwenda kwenye ubongo, moyo na misuli. Macho hulia kwa sababu ya vitu vingine vilivyomo ndani ya moshi. Hii yenyewe haimwambii mtu kitu.

Majumbani ni vibaya zaidi, kwa sababu huko watu wanadhani wamejikinga. Kila mama wa hapa anajua kuwasha mbabura, jiko la makaa, nje, kupepea mpaka moshi uishe na makaa yawe mekundu, ndipo aiingize ndani. Anaamini ubaya umekwisha kutoka. Kumbe makaa hayo mekundu, yasiyo na hata uzi wa moshi, yanatoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na kwa kuwa hakuna kinachomliza machozi hana sababu ya kufungua dirisha. Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2021, na tena 2024, familia nyingi za ufukweni zilihamia vyumba vya kupanga: chumba kimoja, watu sita, mbabura mlangoni. Mvua ikinyesha usiku mlango unafungwa na mbabura inaingia na wenyewe, maharage yakiwa bado jikoni.

Sasa mtu huyo anafika kituoni. Kichwa, kichefuchefu, kizunguzungu, miguu haina nguvu. Kwetu maneno hayo yana jina moja, malaria, na muuguzi hakosei kuanzia hapo, maana malaria tunayo kweli. Anatoboa kidole, kipimo cha haraka kinasema hakuna. Anachukua kile kibanio cha kidoleni kilichoenea tangu Covid-19, kinaandika 98. Mgonjwa anapewa parasetamoli na kuambiwa apumzike. Anarudi alikotoka, na alikotoka ndiko kwenye pipa.

Simlaumu muuguzi. Amedanganywa na chombo chake, na hili ndilo jambo ambalo ningependa lisomwe kwa sauti katika kila kikao cha wauguzi wa wilaya. Kibanio kile hupitisha kidoleni mwanga wa aina mbili, mwekundu na mwingine usioonekana kwa macho, kisha kinakisia ni kiasi gani cha himoglobini kimebeba oksijeni. Himoglobini iliyotekwa na kaboni monoksaidi inaupokea ule mwanga mwekundu karibu sawa na ile yenye oksijeni. Chombo hakiwezi kuzitofautisha. Mtu anaweza kuwa amepoteza robo ya himoglobini yake kwa sumu, na kioo kikaandika 98 kama kinavyoandika kwa mtu mzima wa afya. Kwa nimonia chombo hicho ni rafiki mzuri. Kwa aliyetoka kwenye moshi kinamrudisha nyumbani.

Kabla hamjanunua chochote, Mheshimiwa, kuna swali ambalo halina bei. Umelala na moto gani? Nyumbani nani mwingine anaumwa kichwa leo? Ukitoka nje kinapungua? Malaria haiwaangushi baba, mama na watoto wanne asubuhi moja, wala haiui kuku waliolala chumba hicho hicho. Maswali hayo yangeandikwa kwenye karatasi na kubandikwa juu ya meza ya mapokezi, tungewatambua wengi ambao leo wanapita mbele ya macho yetu.

Baada ya swali ndipo kinakuja kipimo cha damu. Si kigumu. Damu ya mshipa wa kawaida wa mkononi inatosha, hakuna haja ya kutafuta ateri. Mashine inayosoma, kooksimeta, kwa kawaida huwa ndani ya mashine za gesi za damu za hospitali kubwa. Yenyewe hutumia mianga mingi badala ya miwili, na inatoa jibu kwa asilimia. Asiyevuta sigara huwa chini ya 3 hivi, mvutaji mkubwa anaweza kufika 10. Zaidi ya hapo kuna maelezo yanayotafutwa, na moto ndio wa kwanza kuulizwa. Waganga wenyewe watanikumbusha kwamba namba hiyo haiendi sambamba na hali ya mgonjwa: mwenye asilimia 15 anaweza kuwa taabani na mwenye 25 akawa anazungumza, kutegemea amekaa humo muda gani na moyo wake ukoje. Nakubali. Namba ni ya kuthibitisha. Kuamua nani alazwe kunabaki kwa mganga.

Tatizo letu sisi ni umbali. Mtu akipumua hewa ya kawaida, nusu ya kaboni monoksaidi hutoka mwilini kwa saa nne au tano. Akivalishwa barakoa ya oksijeni safi, nusu hiyo hutoka kwa saa moja au saa moja na nusu. Kutoka hapa mpaka Bujumbura ni kilomita sabini na kitu kwa barabara ile ya RN3 mnayoijua. Mgonjwa aliyeokotwa alfajiri, akasubiri gari, akasubiri mafuta ya gari, akafika mjini mchana, atapimwa akiwa ameshapumua sehemu kubwa ya ushahidi njiani. Daktari wa mjini ataona asilimia 6, atakuna kichwa, na faili litafungwa kwa neno "malaria" au "presha".

Ndiyo maana naomba agizo dogo kutoka kwa Daktari Mkuu wa wilaya. Mtu aliyetoka kwenye moshi atolewe damu hapo hapo alipofikia, katika kichupa chenye heparini au EDTA, kijazwe vizuri na kufungwa. Juu yake iandikwe saa ya kutoa damu na saa aliyotoka kwenye moto. Oksijeni apewe palepale. Isicheleweshwe hata kidogo kwa ajili ya sindano wala kwa ajili ya jibu. Katika kichupa kilichofungwa kaboni monoksaidi haitoroki upesi. Kikikaa kwenye friji kinasomeka hata baada ya siku kadhaa. Kichupa kinaweza kusafiri kesho na gari lolote la wilaya, wakati mgonjwa anaendelea kutibiwa hapa. Friji za chanjo na za maabara tunazo, vichupa tunavyo. Kinachokosekana ni mtu wa kuagiza.

Nisamehewe nitoke kidogo njiani, maana ualimu ni ugonjwa. Katikati ya karne ya 19 Mjerumani Felix Hoppe-Seyler aligundua kwamba ukichanganya damu na soda kali, damu ya kawaida inageuka kahawia yenye ukijani, na damu iliyojaa kaboni monoksaidi inabaki nyekundu. Soda hiyo ndiyo hii hii inayotumika kutengeneza sabuni ya mawese. Kipimo hicho ni butu, kinaona sumu nyingi tu, na siwaombi mkirudishe hospitalini. Naona tu ni ajabu kwamba mji unaonuka sabuni na mawese umekuwa na kitendanishi hicho sokoni miaka yote hii.

Kuna kipimo kingine ambacho hakihitaji hata sindano, na hapa ndipo ningeweka franga za kwanza kama ningekuwa na kalamu yako. Ni mashine ndogo ya mkononi ya kupuliza. Mtu anavuta hewa, anaishikilia sekunde 15, anapuliza polepole mpaka pumzi iishe, na mashine inasoma kaboni monoksaidi iliyotoka kwenye mapafu, ambayo inafuatana na iliyomo ndani ya damu. Uingereza wakunga wanashauriwa kumpima kila mjamzito kwa mashine hii anapofika kliniki mara ya kwanza, na anayefikisha sehemu 4 kwa milioni anafuatiliwa. Wao wanatafuta sigara. Mama zetu wengi hawajawahi kushika sigara, lakini wanavuta mbabura na pipa la mawese miezi yote tisa.

Mjamzito ndiye ningeanza naye, kwa sababu kilichomo tumboni mwake kinaumia zaidi yake. Himoglobini ya mtoto aliye tumboni inaikusanya kaboni monoksaidi mpaka kiwango chake kinapita cha mama, na inaiachia polepole zaidi. Mama anaweza kujisikia amepona, akarudi shambani, na mtoto bado amebanwa. Na mlango wa kumfikia mama huyo upo wazi tayari. Tangu Mei 2006 serikali inalipia kujifungua na matibabu ya watoto chini ya miaka mitano, na akina mama wa Rumonge wanaijua njia ya kituo cha afya. Mzani upo, kipimo cha presha kipo, leja ipo. Iongezwe safu moja kwenye leja hiyo, ya pumzi.

Kuhusu mapafu nitasema machache, ingawa kwa wenye kuumwa ndiyo habari kubwa. Kaboni monoksaidi inasimulia saa chache zilizopita. Ukimpima mpika mawese Jumapili jioni baada ya mapumziko, damu yake itakuwa safi kabisa, na mapafu yake yanaweza kuwa yameharibika kwa miaka ishirini. Kimoja hakiwezi kusimama mahali pa kingine. Chombo cha mapafu ni spirometa, ambayo Mwingereza John Hutchinson aliitangaza mwaka 1846, kwa hiyo hakuna wa kutuambia ni teknolojia mpya mno kwetu. Mtu anapuliza kwa nguvu zake zote. Hewa inayotoka sekunde ya kwanza inalinganishwa na hewa yote. Ikiwa chini ya asilimia 70 hata baada ya kuvuta dawa ya kupanua njia za hewa, basi njia hizo zimeziba na hazifunguki tena zote. Ugumu wake uko kwa anayepima: lazima ajue kumhimiza mtu apulize mpaka mwisho, vinginevyo namba inakuwa ya uongo. Hilo linafundishika.

Masindi, Uganda, walifanya hivyo vijijini na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Karibu watu wote waliopimwa waliishi na moshi wa kuni. Miongoni mwa wenye zaidi ya miaka 30, asilimia 16 walikuwa na njia za hewa zilizoziba, wanawake sawa na wanaume au zaidi kidogo, na sehemu kubwa yao walikuwa bado hawajafika miaka 40. Huo ndio umri wa wazazi wa wanafunzi wangu. Hapa kwetu watu hao wanaitwa wenye pumu, au kifua kikuu kilichopimwa mara tatu kisionekane, au wanaambiwa wamerogwa. Mzee mmoja aliyekamua mawese tangu ujana, sasa hawezi kupanda kutoka ziwani mpaka barabarani bila kusimama mara nne, na mkononi ana mkoba wa vidonge vya antibiotiki alivyoandikiwa safari zote hizo. Hajawahi kuambiwa apulize chochote.

Nasikia jibu kabla halijaandikwa. Nchi ina shida kubwa kuliko hii, dawa yenyewe ni kubadilisha majiko, mnapima ili iweje? La kwanza siwezi kulipinga, ila vibanio vya kidole tulivipata bila shida zetu nyingine kwisha. La pili linataka jibu refu zaidi.

Majirani zetu Rwanda walishiriki utafiti mkubwa wa kubadilisha majiko pamoja na Guatemala, India na Peru. Wajawazito wapatao 3,200 waligawanywa makundi mawili, kundi moja likapewa majiko ya gesi na gesi yenyewe bure. Moshi majumbani ulipungua sana. Matokeo yalipotoka mwaka 2022, uzito wa watoto waliozaliwa katika makundi hayo mawili haukuwa na tofauti ya maana. Malawi nako waligawa majiko yaliyoboreshwa kwa maelfu ya kaya, Chikhwawa na Karonga, na nimonia ya watoto haikupungua. Karonga ni watu wa ziwa kama sisi. Huko Malawi watafiti walikwenda na kibanio cha aina nyingine, kile chenye mianga mingi kinachoweza kukisia kaboni monoksaidi, wakawapima watoto wadogo vijijini. Kwa mtoto mmoja mmoja hakina uhakika wa kutosha; kwa kijiji kizima kinaonyesha picha.

Mimi nayasoma matokeo hayo kama onyo kwa wagawaji wa majiko. Jiko lililopigwa picha na viongozi linaweza kupunguza moshi wa jikoni, na mama akaendelea kuvuta moshi wa pipa la mawese, wa jirani, wa taka zinazochomwa, kiasi kwamba mwili wake haukupata nafuu yoyote. Bila kupima damu na pumzi kabla na baada, hakuna atakayejua. Tutapewa majiko, tutashukuru, na baada ya miaka mitano tutapewa mengine. Kwenye karakana huenda kinachosaidia ni bomba la kutolea moshi lenye urefu wa kutosha, na makapi kukaushwa juani siku mbili kabla ya kuchomwa. Huenda. Mpimeni mchochea moto kabla ya bomba na baada ya bomba, kwa ile mashine ya kupuliza, jioni ya kazi. Kwa siku moja jibu litakuwa limepatikana.

Ofisi ya Mafuta ya Mawese nayo isome barua hii. Inazijua karakana, inawajua wenyewe. Mawese yanapimwa yanapotoka, dumu kwa dumu, na kila mtu anajua mwaka huu umezaa vipi. Wanaoyatoa hawapimwi. Wamiliki wa karakana walioshiba kwa biashara hii, na wapo, wanaweza kuchangia mashine moja ya kupuliza kwa kila kilima bila kuhisi. Sitaki wasubiri sheria. Ila kama Wizara itataka kuandika sheria, iandike kwamba banda la kuchemshia liwe wazi pande mbili na mtoto mchanga asiingie humo.

Na kwa Kitivo cha Tiba cha Chuo Kikuu cha Burundi nina neno la pembeni. Wanafunzi wenu wanaandika tasnifu za udaktari kila mwaka. Mleteni mmoja Rumonge na spirometa moja, mashine ya kupuliza na sanduku la vichupa. Wakamuaji watakubali kupimwa. Nimewauliza wale ninaowafahamu, na swali lao pekee lilikuwa kama wataambiwa majibu. Waambieni majibu, kwa Kirundi au Kiswahili, na wenye mapafu yaliyoziba wasiachwe na karatasi tu. Mimi kwa upande wangu nimewapa wanafunzi kazi ya kuhesabu karakana na mapipa yanayochemshwa, kilima kwa kilima, na kuandika ni wanawake wangapi wanachochea na wangapi wana watoto wachanga. Daftari litakuwa tayari kabla ya muhula kufungwa, na nitalikabidhi kwenye ofisi ya wilaya ya afya kwa mkono wangu.

Wenu,
Mwalimu wa sekondari, Rumonge